Mwanga unaopotea kabla ya kufika barabarani

Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho ina vipande virefu ambavyo, jua likishazama, havina taa hata moja ya barabarani, na dereva wa usiku hana budi kutegemea kile kinachotoka mbele ya gari lake. Ukipita Salgaa na kuupanda mlima wa Sachangwan, baridi huingia, na mara nyingi huja na ukungu. Ukiteremka kutoka Kericho kuelekea Awasi na Ahero, unakutana na trela za miwa zisizo na taa za nyuma wala vibandiko vya kuakisi, boda boda zenye taa iliyofifia, na watu waliovaa nguo nyeusi wakitembea ukingoni mwa lami kwa sababu hawakuwekewa njia yao. Kwa hiyo sishangai kuona kwamba karibu kila mwenye Toyota Probox, Fielder au Noah ninayemfahamu ama amebadilisha balbu zake za halojeni, zile zenye uzi unaowaka ndani ya kioo, au yuko mbioni kuzibadilisha. Haja hiyo ni ya kweli, wala si anasa. Lakini wengi huanzia mwisho. Wananunua balbu kali kabla ya kujua mwanga wa balbu walizo nazo unapotelea wapi, na matokeo yake ni taa inayowaumiza macho wengine huku barabara yenyewe ikibaki na giza lake.

Gari langu ni Probox ya kizazi cha kwanza, na taa zake hutumia balbu ya aina ya H4. Balbu hiyo ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: uzi wa mwanga wa juu wenye wati 60, ambao madereva huuita fulu, na uzi wa mwanga wa chini wenye wati 55, yaani dimu. Ikipimwa kwa volti 13.2, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha balbu hizi, fulu hutoa lumeni 1,650 hivi na dimu lumeni 1,000 hivi, lumeni ikiwa ni kipimo cha wingi wa mwanga. Magari mengine yana balbu yenye uzi mmoja, kama H7 inayotoa lumeni 1,500 au H11 inayotoa 1,350, na mwenye gari la namna hiyo ameshatangulia mbele ya mwenye H4 kabla hajagusa chochote. Hata hivyo H4 si taa ya kudharauliwa. Imekuwa barabarani tangu 1971, na ikipata umeme wake kamili, ikakaa nyuma ya kioo safi na ikaelekezwa panapostahili, inatosha kwa safari ya usiku kwa mwendo wa busara.

Tatizo ni kwamba masharti hayo matatu ni nadra kukutana katika gari moja lenye umri wa gari langu.

Tuanze na umeme, kwa sababu ndipo hasara kubwa ilipo na ndipo watu wachache hutazama. Fundi wa umeme wa magari ninayemwendea ana kibanda chake mtaa wa Shabab hapa Nakuru, na kazi yake huianza kwa kupima, si kwa kufungua. Nilipomweleza kwamba nataka taa zenye nguvu zaidi, hakunionyesha balbu yoyote. Aliniambia, "Mwalimu, washa injini kwanza, uwashe na dimu, halafu tuone." Akaziweka ncha mbili za mita kwenye vichwa vya betri, na mita ikasoma volti 14.1. Kisha akaivuta nyuma kidogo ile raba inayofunika balbu ya kushoto, akazipenyeza ncha zilezile kwenye soketi balbu ikiwa bado inawaka, na mita ikasoma 12.3. "Umeona? Umeme unaliwa njiani."

Volti 1.8 zilikuwa zimepotea kati ya betri na balbu. Sehemu yake ilikuwa imebaki kwenye waya mwembamba uliokuja na gari kutoka Japani, nyingine kwenye swichi ya usukani, nyingine kwenye viungo vilivyoota ule unga wa kijani wa shaba iliyoliwa na unyevu, na kubwa kuliko zote ilikuwa pale waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, unapofungwa kwa bolti karibu na pembe ya boneti. Fundi wa rangi wa zamani alikuwa amepiga rangi juu ya bolti hiyo. Chuma kilikuwa kimegusana na chuma kwa kipande kidogo tu chenye upana wa punje ya mchele, na umeme wote wa taa ulipitia hapo.

Mtu anaweza kusema kwamba volti 1.8 si nyingi. Kwa redio au kwa feni si nyingi, lakini uzi wa halojeni haupunguzi mwanga wake sambamba na volti. Huupunguza kwa kasi zaidi, kwa sababu uzi ukipoa kidogo tu, sehemu kubwa ya nguvu yake hugeuka kuwa joto lisiloonekana badala ya mwanga. Kanuni ambayo wahandisi huitumia ni kwamba mwanga hufuata volti iliyopandishwa kwenye kipeo cha 3.4 hivi. Ukipoteza asilimia 5 ya volti, umepoteza karibu asilimia 16 ya mwanga. Ukipoteza asilimia 10, karibu asilimia 30 imekwenda. Kwa hesabu hiyo, dimu yangu ilikuwa inatoa chini ya theluthi mbili ya mwanga ambao ingeutoa kama ingezipata volti zote za betri. Zaidi ya theluthi moja ya taa niliyokwisha kuilipia ilikuwa imepotea kwa sababu ya waya, viungo na bolti iliyopigwa rangi.

Tiba ya hali hiyo ni rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, na kuifunga ni kazi ya nusu siku kwa fundi mzuri. Waya mnene wa shaba wenye eneo la mkato la milimita za mraba 2.5 huvutwa moja kwa moja kutoka kwenye betri, ukipitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri yenyewe, hadi kwenye rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu, na kutoka hapo hadi kwenye balbu. Waya wa zamani wa gari haubebi tena mzigo wa taa. Hubeba umeme mdogo tu wa kuiamuru rilei ifunge au ifungue. Waya wa athi nao huwekwa mpya, unene uleule, mahali palipopigwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Kuna mambo mawili ya kumwambia fundi kabla hajaanza. Kwanza, Toyota nyingi za miaka ile huwasha taa kwa kukata na kuunga umeme upande wa hasi, si upande wa chanya, na fundi asiyelijua hilo anaweza kufunga rilei kwa mpango wa magari mengine, kisha alama ya fulu kwenye dashibodi ikaanza kuwaka isipopaswa. Pili, waya unaouzwa madukani kwa bei ya kutupa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Ukwaruze kwa kisu: ukiona weupe ndani, mrudishie mwenye duka.

Baada ya kazi hiyo mita ilisoma 13.7 kwenye soketi. Balbu zilikuwa zilezile za zamani, lakini kwa hesabu ya kipeo nilichokitaja mwanga wake ulikuwa umepanda kwa zaidi ya asilimia 40, na tofauti hiyo nayo ilionekana kwa macho, kwani rangi ya taa ilitoka kwenye umanjano wa mshumaa ikawa nyeupe iliyoiva. Gharama yake nyingine ni kwamba balbu inayopata volti nyingi haidumu kama ile iliyokuwa ikinyimwa. Mimi naiona biashara hiyo kuwa ya haki, kwa kuwa balbu ya H4 ya kawaida hupatikana kila mji kuanzia Molo hadi Busia.

Wapo wanaochagua njia ya mkato ya kununua balbu za wati 100 kwa 90 na kuzipachika kwenye waya uleule. Wati 100 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 8 kwa kila balbu, na kwa balbu mbili unakaribia ampea 17 kwenye mfumo uliopangwa kubeba 10 tu. Kwa kuwa waya ni uleule, volti zinazopotea njiani huongezeka pamoja na umeme unaopita, hivyo sehemu ya nguvu uliyoilipia hairudi kama mwanga. Joto, kwa upande wake, linabaki pale pale kwenye soketi. Fundi wangu ana debe lenye soketi alizozitoa kwenye magari ya namna hiyo: plastiki imegeuka kahawia, mdomo mmoja umeyeyuka na kuikumbatia ncha ya balbu, na nyingine bado zinanuka. Nyuma ya kioo, kile kiakisi cha fedha huanza kutoka malengelenge, na kiakisi kikishaharibika hakuna balbu itakayokisaidia.

Kioo ndicho sharti la pili. Kwenye magari mengi ya siku hizi si kioo bali ni plastiki ngumu ya polikaboneti, iliyopakwa kiwandani utando mwembamba wa kuikinga na miale ya urujuanimno. Nakuru iko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na jua la hapa huula utando huo bila huruma. Ukishakwisha, plastiki hugeuka manjano, kisha hupata ukungu usiofutika, na mwanga unaopita humo hutawanyika kila upande badala ya kwenda mbele, kwa hiyo dereva anapungukiwa na anayekuja anaongezewa mng'aro kwa wakati mmoja. Dawa ya meno husafisha kwa wiki chache. Kazi inayodumu ni ya msasa wa maji, ukianza na namba 800, kisha 1,500, kisha 2,000, mpaka ukwaruzo wa msasa uliotangulia upotee wote, halafu king'arishi, na mwisho rangi angavu yenye kinga ya jua. Wengi huacha hatua hiyo ya mwisho kwa sababu kioo kimeshang'aa, nao hurudi kwa fundi baada ya miezi michache kikiwa kibaya kuliko mwanzo, maana sasa hakina kinga yoyote.

Na kwa wale wanaoshuka hadi ziwani, kuna uchafu wa aina nyingine. Kuanzia Ahero visubi huzifuata taa kwa makundi, na ukifika Kisumu kioo cha taa kimepakwa utando wa mafuta ya miili yao ambao vipanguzio haviufikii. Nina chupa ya maji yenye sabuni kidogo na kitambaa mlangoni, na husimama njiani kuvifuta vioo kabla ya kuendelea. Usifute kikavu, kwa sababu vumbi lililo chini yake litakikwaruza.

Sasa nije kwenye balbu, hasa za LED, kwa kuwa ndizo zinazouzwa kila duka la vipuri kuanzia Nakuru hadi Kibuye kule Kisumu. Ili kueleza kwa nini ninazikataa kwenye taa iliyotengenezwa kwa halojeni, lazima nieleze kinachotokea ndani ya taa yenyewe. Uzi wa dimu wa H4 ni mviringo mwembamba sana wenye urefu wa milimita 5 hivi. Kiakisi kilicho nyuma yake kilipinda hivyo kilivyopinda kwa kudhani kwamba mwanga unatoka mahali hapo hasa, si kando yake. Chini ya uzi huo kuna kikombe kidogo cha chuma, ambacho ukiishika balbu kwa kitako na kuitazama kwenye mwanga utakiona vizuri. Kazi yake ni kuuzuia mwanga usiifikie nusu ya chini ya kiakisi, kwa sababu mwanga unaopiga hapo hurushwa juu, machoni mwa anayekuja. Kikombe hicho ndicho kinachochora ule mstari unaoonekana ukutani, chini yake nuru na juu yake giza, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo ili kuangaza ukingo wa barabara wanakopita watu na palipo na vibao. Kwa bahati njema Japani nao huendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana taa za magari tunayoyanunua kwao huinuka upande unaotufaa. Taa kamili iliyotengenezewa nchi zinazoendesha kulia huinuka upande wa pili na kumpiga usoni kila unayekutana naye, jambo la kuangalia unapobadilisha taa nzima badala ya balbu tu.

Balbu ya LED ya kubadilishia haina uzi. Ina vipande vidogo vya kutoa mwanga vilivyobandikwa pande mbili za ubao wa chuma, na ubao huo una unene wake, kwa hiyo vipande viko umbali fulani kutoka pale uzi ulipokuwa. Uzi hutoa mwanga kuuzunguka wote. Vipande hivi hutoa zaidi pande mbili vinakotazama. Wengine huweka kibati cha kuiga kile kikombe, na baadhi hukiweka vizuri kuliko wengine, lakini kiakisi hakijui kwamba mwanga umehama. Kosa la milimita moja nyuma ya kioo huwa kosa la mita kadhaa barabarani. Ukiifunga balbu hiyo na kusimama mbele ya ukuta, mara nyingi utaona mstari umefifia, kuna doa la mwanga limepanda juu yake, na sehemu kubwa ya nuru imerundikana karibu na bampa.

Rundo hilo la mwanga karibu na bampa ndilo linalowafanya watu waape kwamba wanaona vizuri zaidi. Lami iliyo mita 10 mbele inang'aa mno, na jicho linafurahi. Lakini mboni ya jicho hujifunga kulingana na kile king'aacho zaidi kilicho mbele yake, na ikishajifunga, kile kilicho mita 70 mbele kinazidi kuwa giza. Na mita 70 ndizo zinazohesabika. Kwa kilomita 80 kwa saa, kasi ambayo matatu na malori hayaruhusiwi kuizidi, gari hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua kilicho mbele na kukanyaga breki, mita 33 zimekwisha kabla breki hazijashika, na kwenye lami kavu zinahitajika nyingine 35 hivi ili gari lisimame. Trela ya miwa isiyo na taa haiko mita 10 mbele yako wakati wa kuamua. Ikiwa hapo, uamuzi umeshapita.

Umbali nao hauuzwi kwa urahisi. Mwanga hufifia kwa mraba wa umbali, maana yake kitu kilicho mbali mara mbili kinahitaji mwanga mara nne ili kiangazwe sawa na kile cha karibu. Hata balbu ambayo kweli ingetoa mwanga maradufu ingekuongezea umbali wa kuona kwa asilimia 41 tu. Kumbuka hilo unapoona boksi limeandikwa lumeni 20,000.

Halafu kuna anayekuja upande wa pili. Mwanga ukimwingia machoni hutawanyika ndani ya jicho lake na kuweka pazia juu ya kila kitu anachokitazama, na baada ya taa kupita jicho huhitaji sekunde kadhaa kurudi hali yake, hasa kwa mtu mwenye umri. Kila sekunde ni zile mita 22. Kati ya Londiani na Kericho barabara ni ya njia mbili tu, malori yanapanda kwa foleni, na watu wanatembea ukingoni. Dereva niliyempofusha anaweza kumgonga mtu ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona vizuri. Hili ndilo linalonifanya niwe mkali katika jambo hili kuliko ninavyokuwa kwa mengine ya gari. Taa ya mbele ni kifaa cha watu wawili, na mmoja wao hakuulizwa.

Kuhusu ukungu wa Mau Summit, husemwa sana kwamba taa nyeupe ya LED haipenyi na ya manjano hupenya. Matone ya ukungu ni makubwa mno kwa rangi peke yake kuleta tofauti kubwa. Kinachokurudishia ukuta mweupe usoni ni mwanga uliopanda juu ya ule mstari, ukapiga matone yaliyo mbele ya macho yako na kurudi. Taa yenye mstari mkali, iliyoelekezwa chini inavyotakiwa, huona mbali zaidi ndani ya ukungu hata ikiwa na nguvu ndogo.

Zenoni, taa inayotumia gesi badala ya uzi, sitaikawiza. Balbu yake ya wati 35 hutoa lumeni 3,200 hivi, nayo ni taa nzuri mno ndani ya gari lililotengenezwa nayo kiwandani. Ndani ya kiakisi cha halojeni hufanya kosa lilelile la LED kwa nguvu kubwa zaidi. Balbu za halojeni zilizopakwa rangi ya samawati nazo ni hasara tupu, kwa kuwa rangi hiyo hupatikana kwa kunyonya sehemu ya mwanga.

Simaanishi kwamba LED ya kubadilishia haiwezi kamwe kufanya kazi. Mwaka 2020 Ujerumani iliruhusu kwa mara ya kwanza balbu ya namna hiyo ya Osram itumike barabarani, lakini iliiruhusu kwa orodha ya magari yaliyopimwa moja moja, taa kwa taa. Hapo ndipo penye hoja: hata balbu iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa ilibidi ithibitishwe ndani ya kila kiakisi. Balbu isiyo na jina iliyo kaunta ya duka haijathibitishwa ndani ya kiakisi cha gari lolote.

Nikiulizwa ninunue nini basi, jibu langu ni halojeni ya kawaida ya kampuni inayojulikana, wati 60 kwa 55, mbili kwa pamoja ili taa zote ziwe na umri mmoja. Tafuta kwenye kitako cha balbu herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Alama hiyo huigwa pia, kwa hiyo tazama kama maandishi yamechorwa kwenye chuma au yamepigwa chapa ya wino inayofutika kwa kidole. Zile zilizoandikwa kwamba zina asilimia 100 au 130 zaidi ni halojeni halali zenye uzi uliosukwa kwa ukaribu zaidi na kuwekwa kwa usahihi zaidi, lakini asilimia hiyo inahusu eneo fulani la barabara ikilinganishwa na kiwango cha chini kabisa kinachokubalika, si jumla ya lumeni, na maisha yake ni mafupi. Kwa anayesafiri usiku mara kwa mara zinafaa. Wakati wa kuzifunga, usiguse kioo cha balbu kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi yakichomeka hapo huacha doa la joto linaloweza kukipasua.

Sharti la tatu ni mwelekeo, na hili halihitaji pesa. Tafuta uwanja tambarare wenye ukuta, jaza upepo magurudumu yote sawasawa, mtu akae kiti cha dereva. Sogeza gari karibu na ukuta na uchore kwa chaki mstari wa usawa wa katikati ya balbu, kisha rudi nyuma mita 10 na uwashe dimu. Mstari wa mwanga unapaswa kuwa sentimita 10 chini ya chaki, yaani mteremko wa asilimia 1. Kwenye gari ambalo balbu iko sentimita 65 kutoka ardhini, mteremko huo unaufikisha mwanga mita 65 mbele. Ukiwa wa asilimia 2, unaishia mita 32. Ukiwa sifuri, haugusi barabara kabisa, unaenda machoni mwa watu mpaka mwisho wa upeo. Zungusha skrubu iliyo nyuma ya taa polepole na usimame kila mara kutazama ukuta. Nimeona magari ambayo mwenyewe alikuwa akijiandaa kununua taa mpya, na kumbe taa yake ilikuwa inamulika mita 30 tu kwa sababu ilifungwa upya baada ya kugonga bampa na hakuna aliyeielekeza.

Na Probox haitembei tupu. Ukipakia magunia ya viazi kutoka Molo, nyuma hushuka, pua huinuka, na kazi yote ya ukutani inapotea. Magari mengi ya Kijapani yana kigurudumu kidogo karibu na usukani chenye namba kuanzia 0, ambacho hushusha taa kadiri mzigo unavyoongezeka, na madereva wengi hudhani ni cha mwanga wa dashibodi. Fanya jaribio la ukuta mara moja gari likiwa limejaa, uone ni namba gani inayourudisha mstari mahali pake, uiandike. Kama kigurudumu hicho hakifanyi kazi, kitengeneze kabla ya kununua balbu yoyote.

Mtoto wa dada yangu anaishi Mumias, huko ambako trela za miwa ni za kila usiku wa msimu wa kukata, na wiki iliyopita alinipigia simu: "Mjomba, nimeshanunua LED, ziko kwa boksi." Sikumgombeza, kwa kuwa hofu yake ya zile trela naielewa. Nimemwomba azihifadhi risiti na asizifunge mpaka nifike na mita na chaki. Tutapima volti za soketi zake kwanza, tutafungua athi na kuipiga msasa, tutasafisha vioo na kuelekeza taa ukutani. Kisha tutazijaribu zote mbili, halojeni na LED, kwenye ukuta uleule, halafu mahali pa wazi, yeye akisimama mita 50 mbele ya gari mahali anaposimama dereva anayekuja, ndipo aamue mwenyewe kama anazirudisha dukani.